Diski ya tatu nayo inaelekea kufa: kinachoziua ni nini?

Swali

Kaka mshauri, habari za kazi.

Nina steshenari Morogoro: kuchapa, fotokopi, laminesheni, picha za pasipoti. Kompyuta ya kazi ni ya mezani, ya mtumba, iliyotoka ofisini. Ina SSD ndogo (diski ya chipu, isiyozunguka) yenye Windows, na diski ngumu ya inchi 3.5 ya TB 1 ninayohifadhia kazi za wateja. SSD haijawahi kunisumbua. Diski ngumu ndiyo mtihani, sasa nipo kwenye ya tatu.

Ya kwanza ilikaa miezi saba. Asubuhi moja ilitoa harufu ya kuungua na tangu hapo haizunguki kabisa. Ya pili ilikaa miezi minne, ikaanza kugonga ka, ka, ka, kisha kompyuta ikaacha kuiona. Hii ya tatu ina siku 78 za kazi, leo ikiwemo. Folda zinachukua dakika nzima kufunguka, na mara nyingine D, yaani herufi ya diski hiyo, inapotea kwenye orodha halafu inarudi yenyewe. Fundi anasema diski za siku hizi ni feki, ninunue ya bei kubwa. Lakini Jumapili moja niliifunga kwenye kompyuta ya jirani, kutwa nzima haikuleta shida.

Waya bapa za umeme wa diski zilikuwa mbili tu, moja ipo kwenye SSD, nyingine kwenye DVD. Kwa hiyo diski ngumu inapata umeme kupitia kiadapta: upande mmoja plagi nyeupe ya pini nne, upande wa pili kichwa bapa. Kompyuta, printa ya leza na mashine ya laminesheni vyote vipo kwenye ekstensheni moja. Printa ikianza kupasha, taa ya dukani inafifia. Kasha la kompyuta linachoma vidole kidogo nikiwa pekupeku. UPS ni ya VA 650, ina mwaka wa nne. Nawasha saa mbili asubuhi, nazima saa mbili usiku, mchana siilazi. Umeme umekatika kama mara 20 katika siku hizo.

Nimeshusha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, nikanakili mistari hii, nikaacha sifuri za mwanzo: 05 ni 0, 09 ni 3A2, 0C ni 19C, C0 ni 14F, C2 ni 31, C5 ni 8, C7 ni 732. Joto ni 31 tu, nadhani hilo si tatizo. Mengine siyaelewi.

Ninunue diski ya nne? Na ya aina gani?

Dada wa steshenari, Morogoro

Jibu

Dada, usinunue diski ya nne kwanza. Ukiifunga mahali palepale itakwenda njia ya wenzake, hata iwe ya bei gani. Namba ulizonakili zinasema wazi kwamba diski hii inakatiwa umeme ndani ya kompyuta wakati kompyuta yenyewe inaendelea kufanya kazi. Nitakuonyesha zinavyosema hivyo, maana ukijua kuzisoma hakuna fundi atakayekubabaisha tena.

Kabla ya yote, nakili kazi za wateja leo. Anza na zile usizoweza kuzipata tena, na uzipeleke kwenye diski ya nje au kompyuta nyingine. Fanya hivyo ukiwa umeifunga diski kwenye kompyuta ya jirani, siyo kwako. Na usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakili. Amri hiyo husoma diski nzima na kuandika upya orodha ya mafaili, na umeme ukiyumba katikati ya kazi hiyo unaweza kupoteza folda ambazo sasa hivi bado zinafunguka.

Sasa namba. Programu hiyo huziandika kwa msingi wa kumi na sita, ambapo A ni 10 na F ni 15. Ndiyo maana zina herufi. Ukitaka za kawaida, ingia menyu ya Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC]. Kwa hiyo ile 31 uliyoidhani ni joto la nyuzi 31 ni 49. Kisanduku cha joto kilichopo juu kwenye programu hiyohiyo kitakuonyesha 49. Nitarudi hapo.

09 ni saa ambazo diski imekuwa imewashwa: 930. Ukigawa kwa siku 78 unapata karibu saa 12 kwa siku, sawasawa na saa zako za kazi. Hii pia inajibu suala la ufeki. Diski iliyotumika na kuuzwa kama mpya kwa kawaida huwa na maelfu ya saa tangu siku ya kwanza, yako ilianza sifuri. Siku ukinunua nyingine, tazama mstari huu dukani kabla hujalipa.

0C ni mara ambazo diski imepokea umeme upya: 412. C0 ni mara ambazo umeme uliondoka ghafla, kabla kompyuta haijaiambia diski itulize vichwa vinavyosoma na kuandika juu ya sahani zake: 335. Toa ile mara moja ambayo bado imewaka leo, zinabaki 411. Toa 335, zinabaki 76. Umepitia jioni 77 za kuzima kompyuta, na huenda jioni moja umeme ulikatika kabla hujafunga. Hesabu imekaa. Zipo diski ambazo C0 huhesabu hata kuzima kwa kawaida, lakini hapo C0 na 0C zingekaribiana, na zako zimeachana.

Katika zile mara 335, mara kama 20 ni umeme wa mtaani. Mara 315 hivi hazina maelezo nje ya kasha. Ni mara nne kila siku diski inanyimwa umeme huku wewe unaendelea kuchapa, na ndiyo hiyo D inayopotea na kurudi.

Umeme ukiondoka ghafla, sahani zinazozunguka hugeuka kuwa jenereta ndogo, na umeme huo mchache ndio unaovuta vichwa kwenye maegesho yake. Diski imeundwa kufanya hivyo, ila ni breki ya dharura, siyo ya kila saa. Na ikiwa ilikuwa katikati ya kuandika, sehemu hiyo inabaki nusu mpya nusu ya zamani, hesabu ya kuhakiki haikubali, na diski inaiweka kwenye foleni ya mashaka. Ndiyo C5 yako: 8. Diski nyingi za siku hizi huandika kwa vipande vya baiti 4,096 na kuvitangaza kama vipande vinane vya 512. Kwa hiyo 8 yako yaelekea ni kipande kimoja tu kilichokatizwa. 05, yaani sekta zilizokufa na kuhamishwa, bado ni 0. Sahani zenyewe hazionyeshi dalili ya kuchakaa. Ukishanakili kila kitu na kuifuta diski yote kwa kuandika sifuri, C5 ikirudi 0 na 05 ikabaki 0, diski hiyo bado ni nzima.

Kwa nini basi SSD iko salama? SSD ya inchi 2.5 hutumia volti 5 peke yake. Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 5 kwa saketi na volti 12 kwa mota, na wakati mota inaanza kuzunguka hunywa karibu ampea 2 kwenye ile 12. Pia SSD imechomekwa moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kasha, diski imepitia kiadapta. Washukiwa wakuu ni hao wawili: kiadapta, na volti 12 ya pawa saplai.

Kiadapta nakishuku zaidi. Zile pini nne nyeupe hushikwa na vijibomba vya shaba ambavyo hupanuka kila vinapochomolewa, vikaanza kugusa kwa shida. Penye mguso mbaya pana ukinzani, na ukinzani huzaa joto na kula volti. Kipo pia kibaya zaidi: kiadapta ambacho kichwa chake bapa kimemiminiwa plastiki juu ya waya. Ndani yake waya zinaweza kukaribiana, plastiki ikilainika kwa joto zinagusana, na kinawaka moto. Kichomoe ukitazame. Kikiwa na rangi ya kahawia, kimelegea au kina harufu, kitupe. Kikiwa cha kumiminwa, kitupe hata kama kinaonekana kipya. Harufu ya diski ya kwanza inaweza kuwa ilitoka hapohapo.

Jaribio la kwanza halikugharimu hata senti. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, ondoa waya bapa kwenye DVD na uupe diski ngumu. DVD ikae bila umeme kwa wiki. Andika 0C, C0 na C7 za siku hiyo kwenye karatasi, uibandike kwenye kasha. Baada ya siku saba soma tena. 0C ikiwa imeongezeka kwa idadi ya mara ulizowasha tu, kiadapta ndicho kilikuwa muuaji. Ukihitaji DVD tena, nunua kigawanyio cha bapa kwenda bapa ambacho kila waya umebanwa kwenye pini yake, na kifuniko cha nyuma kinafunguka.

Ikiwa zinaendelea kupanda, nenda kwenye pawa saplai. Hapa ile taa inayofifia inaingia. Printa ya leza ikipasha moto hunyonya takriban wati 1,000 kwa ghafla, yaani zaidi ya ampea 4, na kwenye ekstensheni nyembamba yenye soketi zilizolegea volti hushuka kwa kufumba na kufumbua. Pawa saplai nzima hubeba pengo la kama milisekunde 16 kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita yake kubwa. Iliyozeeka, kapasita zimekauka, haiwezi. Volti 12 inainama, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na SSD vinavumilia, mota ya diski inashindwa.

Jipime hivi: acha printa ilale nusu saa, fungua programu, chapa ukurasa mmoja, bonyeza F5 utazame 0C. Rudia mara kumi. Kisha peleka printa na laminesheni kwenye soketi nyingine ya ukutani, ikiwezekana ya laini tofauti, urudie. 0C ikipanda kwenye duru ya kwanza na kutulia kwenye ya pili, umepata jibu. Vitu vya kupasha moto visirudi kwenye ekstensheni ya kompyuta hata baada ya kubadili pawa saplai.

Fundi mwenye multimita apime volti wakati kompyuta inafanya kazi nzito, siyo ikiwa imetulia. Aiweke kwenye volti 20 DC, mkono mweusi kwenye waya mweusi wa plagi nyeupe iliyo wazi, mwekundu kwenye waya wa njano. Inayokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu ni kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa nje ya hapo, pawa saplai ibadilishwe bila mjadala. Ikiwa ndani, bado haijaachiwa huru, kwa sababu multimita huonyesha wastani na haioni mshuko wa kufumba na kufumbua. Njia ya uhakika ni kuazima pawa saplai nzima kwa siku tatu.

Mashine za ofisi zina mtego hapo. Baadhi hazitumii plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, zina ya pini 6 au 8 ya kampuni yenyewe. Piga picha ya plagi hiyo kabla ya kwenda dukani. Na mtu asiifungue pawa saplai kuangalia ndani: kapasita kubwa hubeba volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Ushahidi mwingine upo ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za System. Tafuta namba 157, diski imeondolewa ghafla. 129, kidhibiti kimelazimika kuiamsha diski upya. 153, ombi limerudiwa. Na 41, kompyuta nzima imezimika bila utaratibu. Ukiona 157 na 129 saa ambazo hakuna 41, unatazama zile mara 315 kwa saa na dakika zake. Linganisha na saa ulizochapa.

C7 ni 1,842. Hayo ni makosa ya data njiani kati ya mazabodi na diski, siyo makosa ya sahani. Badilisha ile kebo nyembamba ya data, chukua yenye kibano cha chuma, isikunjwe kwa kona kali, na uichomeke kwenye tundu lingine la mazabodi. Namba hiyo hairudi sifuri kamwe, unachotaka ni isimame pale 1,842. Ikiendelea kupanda hata kwa kebo mpya na umeme mzuri, tundu au mazabodi ndiyo yenye shida. Hapo kagua mazabodi kwa tochi, utafute kapasita zilizovimba kichwani au zilizotoa uchafu wa kahawia.

Sasa vidole vinavyochomwa. Tafadhali usilizoee jambo hili. Pawa saplai huwa na kapasita ndogo zinazopeleka mnong'ono wa umeme kwenye kasha ili ushuke kupitia waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi. Ethi ikikosekana, kasha hukaa kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115. Mkondo ni mdogo, lakini unatafuta njia kupitia kebo yoyote inayounganisha kompyuta na kifaa kingine, na siku pawa saplai ikivuja kweli hakuna kitakachokata umeme. Kwanza angalia ekstensheni yako: nyingi za bei ya chini zina tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake. Kipima soketi cha taa tatu kitakuonyesha kama ethi ipo, ingawa hakikuonyeshi kama ni nzuri. Kama ukutani nako haipo, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, apime na kuchimbia fimbo ya ardhi. Akitokea mtu akakuambia aunganishe ethi na nyutro, waya wa kurudisha umeme, ndani ya soketi, mkatalie. Nyutro ikikatika siku moja, kasha lote linakuwa na umeme kamili.

UPS ya mwaka wa nne kwa kawaida imebaki sanduku tu, maana betri yake ya volti 12 huchoka ndani ya miaka miwili au mitatu. Hifadhi kazi zote, kisha zima swichi ya soketi bila kuchomoa plagi, ili ethi ibaki. Kompyuta ikizima papo hapo, badilisha betri. VA 650 inatosha kompyuta na skrini. Printa ya leza isichomekwe upande wa betri hata siku moja.

Joto la 49 halijaiua diski, nyingi huruhusiwa hadi 60, ila lishushe chini ya 45. Toa vumbi la mbele, hakikisha feni inazunguka, na diski isibanane na SSD. Ifungwe skrubu zote nne. Ikining'inia kwa mbili hutetemeka na kupoteza mstari wakati wa kuandika.

Zile mbili za zamani usizitupe kama zina kazi unazozihitaji. Ya kwanza, iliyonuka, huenda sahani zake ni nzima: kwenye saketi yake kuna dayodi ndogo za ulinzi ambazo hujitoa mhanga volti ikizidi. Fundi akipima kati ya pini ya volti 12 na ya ardhi akakuta karibu ohmu sifuri, dayodi imekufa, na mtaalamu wa kuokoa data anaweza kuiondoa na kunakili mafaili. Kubandika saketi ya diski nyingine ya aina ileile mara nyingi hakutoshi, kwa sababu kila diski ina chipu yenye vipimo vyake, na lazima chipu hiyo ihamishwe. Ya pili, iliyogonga, usiiwashe tena hata kujaribu tu, wala usiiweke kwenye friji kama wengine wanavyoshauri. Unyevu utaganda juu ya sahani, na vichwa vilivyoharibika vikiendelea kusuguana nazo, hata mtaalamu hatapata cha kusoma.